Kichwa cha treni kimekataa amri

Jana usiku nusura nilie. Kichwa cha treni yangu ya mfano, cha skeli ya 1:87, kilikuwa kinatambaa vizuri kwenye hatua ya mwendo ya 5 kati ya 128. Ghafla kikachomoka kama kimeona simba! Nazungusha kitufe hadi sifuri, hakisikii. Nikakidaka ukingoni mwa meza.

Nikaanza na uchafu, maana ndio mchawi wa kila siku. Nilifuta reli na magurudumu kwa spiriti, kitambaa kikawa cheusi kama masizi. Kichwa kikaendelea kuchomoka, ila mara mojamoja. Mke wangu akauliza kama watu wazima wamekosa kazi. Sikujibu.

Kumbe dikoda, ile chipu ndani ya kichwa inayopokea amri za kidijitali kupitia reli, ilikuwa imeruhusiwa kupokea hata umeme wa kawaida wa DC. Mguso wa reli ukikatika kidogo kisha ukarudi, inadhani iko kwenye reli za kizamani zisizo na amri za kidijitali, basi inafungulia moto wote. Nimebadilisha CV 29, moja ya namba za mipangilio ya dikoda, kutoka 6 kuwa 2. Ile 4 iliyotoka ndiyo ruhusa yenyewe.

Leo kimezunguka saa nzima kwa adabu. Mto niliouweka sakafuni, lakini, sijautoa.