Mchanga kwenye tangi la kuchovyea rangi

Mteja wa toroli habebi kipimo. Anapitisha kiganja ndani ya beseni lake, akihisi vipele anasema rangi hii mbovu, anahamia duka la jirani. Malalamiko ya aina hiyo ndiyo yaliyonipeleka idara ya rangi ya kiwanda chetu cha matoroli hapa Dar es Salaam, mimi fundi mitambo niliyezoea kompresa na mashine za kukunja bati. Agizo lilikuwa fupi: rangi itoke safi.

Kwetu hatupulizi, tunachovya. Beseni linaning'inizwa kwenye kulabu, linazamishwa tangini, linapandishwa taratibu, linaachwa lichuruzike, kisha linaingia kwenye oveni. Hakuna rangi inayopotelea hewani, na hata pembe za ndani zinapata. Tangi lina urefu wa mita 2.5 na upana wa sentimita 80, na rangi inasimama kimo cha mita 1.1. Hizo ni lita 2,200 za rangi ya mafuta ya kijani iliyokatwa kwa thina. Anayepuliza akipata uchafu anamwaga kopo moja, yameisha. Tangini, uchafu ulioletwa na beseni la saa mbili asubuhi unamsubiri beseni la saa kumi jioni.

Utaratibu niliokuta ni wa miaka mingi. Asubuhi vijana wanakoroga kwa kasia la mbao. Mwisho wa wiki rangi inashushwa kwenye mapipa kwa kupitishwa kwenye soksi za nailoni, zile za kina mama. Usicheke, soksi inachuja vizuri sana. Ila Jumatatu mchana vipele vimerudi.

Kabla ya kuomba hela ya chochote nilitaka kujua huo mchanga, kama mafundi wanavyouita uchafu unaoleta vipele, ni kitu gani hasa. Msimamizi wa tangi ni mtu mzima, sote tunamwita Mzee wa Tangi. Nikamwamkia, nikamwomba nichote rangi yake kidogo.

“Marahaba, injinia. Chota, lakini chota chini. Juu hapo hutaona kitu.”

Nilichota chini. Nikaimwaga kwenye wavu mwembamba, nikausuuza kwa thina mpaka rangi ikaisha, zikabaki chembe. Nikazihamishia kwenye kipande cha kioo, nikazitazama kwa lenzi ya fundi saa huku nikizigusa kwa sindano. Zilikuwa za aina tatu. Za kwanza nyeusi, ngumu. Ukisogeza sumaku zinaruka zenyewe. Hizo ni vumbi la grainda na vishanga vya cheche za kuchomelea vilivyoshikilia kwenye maungio ya beseni. Za pili laini: ukibonyeza kwa sindano zinalala, ukiachia zinarudi. Mafundi wanaziita makamasi. Ni rangi iliyoshikwa na hewa juu ya tangi ikafanya ngozi, mabeseni yakaivunjavunja na kuizamisha. Za tatu zilionekana ngumu, lakini sindano ikizigusa tu zinasagika kuwa unga. Huo ni unga wa rangi wenyewe uliotuama na kugandamana. Titani nyeupe, inayotiwa hata kwenye rangi ya kijani, ina uzito wa karibu mara nne ya maji, na barite, unga wa jiwe zito unaotumika kujaza rangi, inaizidi. Usipoisumbua itakwenda chini tu.

Kwa hiyo vitu vitatu tofauti vilikuwa vinaitwa mchanga. Ukiniuliza, hiyo saa ya kukaa na sindano ilitusaidia kuliko kifaa chochote tulichonunua baadaye.

Muuzaji mmoja wa vifaa alishakuja na jibu lake: filta ya maikroni 25 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na pampu yenye presha ya kutosha kuisukuma rangi ipite. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema makamasi ukiyasukuma yatapita, yatakwenda kuungana ng'ambo ya pili. Tulijaribu hapo hapo. Tukafunga rangi ya chini ndani ya kitambaa cha nailoni, nikaanza kukamua. Nilipokamua polepole rangi ilidondoka safi. Nilipokaza mkono, vikatoka vijiuzi vya kijani kupitia matundu ya kitambaa, vikaangukia kwenye kioo na kujikunja. Chembe ya chuma haiwezi kufanya hivyo, lakini makamasi hayana mfupa. Filta nyembamba yenye presha kubwa ingetupa geji nzuri ya kutazama na vipele vile vile kwenye beseni. Tulichohitaji ni kinyume chake: eneo kubwa la kuchujia, presha ndogo, na rangi inayopita hapo tena na tena mchana kutwa.

Nikaanza na mzunguko, filta nikaiacha nyuma. Upande mmoja wa tangi tulichomelea kizuizi kinachoacha chumba chembamba nyuma yake. Rangi inafurika juu ya kizuizi na kuangukia chumbani humo, ikikokota povu, ngozi na kila kinachoelea. Pampu inanyonya kutoka chini ya chumba hicho, inapitisha kwenye filta, inarudisha rangi kwenye bomba lililolazwa sakafuni mwa tangi. Matundu ya bomba yanaelekea chini kwa mshazari, ili mkondo ufagie sakafu na kuusogeza unga urudi juu. Rangi inayorudi isidondokee juu kamwe. Itaingiza hewa, na hewa ikishaingia kwenye rangi nzito itakuja kutokea ndani ya oveni kama vitobo.

Stoo kulikuwa na bomba la inchi 4 lililobaki kwenye kazi nyingine, na bosi alitaka litumike. Ilibidi nichore hesabu ubaoni. Pampu yetu inasukuma kama lita 120 kwa dakika. Ndani ya bomba la inchi 2 rangi inakwenda karibu mita 1 kwa sekunde. Ndani ya inchi 4 inashuka mpaka sentimita 24 hivi. Watu wa mabomba ya rangi hawapendi kushuka chini ya sentimita 30, kwa sababu chini ya hapo unga unaanza kutuama ndani ya bomba lenyewe. Bomba kubwa lingekuwa tangi la pili la kuzalisha mchanga. Bosi akakubali, ingawa aliguna. Na kwa lita hizo 120, tangi zima linapita kwenye filta zaidi ya mara tatu kila saa.

Pampu tulichukua ya diaframu, yaani utando unaokwenda mbele na nyuma, inayoendeshwa kwa upepo wa kompresa. Pampu ya gia ingesaga unga na unga nao ungeisaga. Tena upepo una faida nyingine kubwa, hakuna mota ya umeme karibu na mvuke wa thina. Kitu kimoja tu uwe mkali nacho dukani: diaframu iwe ya teflon. Mpira wa kawaida ukikaa kwenye thina unavimba, unalegea, na siku moja utakuta rangi ya kijani inatoka kwenye sailensa ya upepo. Kwa sababu hiyo hiyo usiunge mabomba ya plastiki ya maji hata kama fundi bomba anakuapia.

Njiani kabla ya filta tuliweka chungu chenye fimbo za sumaku. Tulipozichomoa mara ya kwanza zilikuwa zimeota manyoya meusi ya chuma. Vijana wa kuchomelea waliitwa waje kutazama, na tangu siku hiyo hakuna aliyebishana kuhusu kupiga brashi na kufuta beseni kabla ya kulipeleka kwenye kulabu. (Kama rangi yako ni nyeusi, muulize kwanza anayekuuzia. Nyeusi ya masizi haina neno, ila kuna nyeusi ya oksidi ya chuma, na sumaku itaila rangi yenyewe.)

Filta ni za mfuko, saizi namba 2, ule mrefu wenye eneo la kama nusu mita ya mraba. Tumeweka nyumba mbili, yaani makasha ya kuwekea mifuko, zenye vali ili moja ikifunguliwa nyingine iendelee kuchuja. Tulianza na mifuko ya maikroni 150 mpaka uchafu wa miaka ulipopungua, ndipo tukashuka hadi 100. Mifuko hiyo ni ya nailoni ya uzi mmoja mmoja, ambayo unaweza kuisuuza kwa thina ukairudisha mara kadhaa. Ile ya felti, kitambaa cha manyoya yaliyoshindiliwa, inashika vizuri zaidi lakini haifuliki. Kuna geji ya presha kabla na nyingine baada ya filta. Watengenezaji wa mifuko huruhusu tofauti ifike kama bar 1. Sisi tunabadilisha kwenye nusu bar, kwa sababu ya vile vijiuzi.

Sasa nisikilize kwenye mfuko uliokwisha kazi. Rangi ya mafuta inakauka kwa kuvuta hewa, na ikivuta hewa inatoa joto. Ukiitandaza kwenye bati joto linapotea. Ukiikunja ndani ya mfuko wa filta na kuutupa kwenye pipa la taka pamoja na matambara, joto halina pa kwenda, linapanda lenyewe mpaka moto uwake bila mtu kuwasha kiberiti, mara nyingi mkiwa mmeshakwenda nyumbani. Mifuko yetu inaingia kwenye pipa la chuma lenye maji na mfuniko, papo hapo, na pipa linakaa nje. Kama utachukua kitu kimoja tu kwangu, chukua hicho.

Kingine ni umeme tuli, ule unaozaliwa kwa msuguano na kurusha cheche. Thina ikipita kwa kasi kwenye nguo nyembamba ya filta inajichaji. Tangi, pampu, nyumba za filta na mabomba vyote tumeviunga kwa waya wa shaba kwenye ethi moja. Na vali ya upepo wa pampu tuliihamisha hadi mlangoni, ili anayekimbia moto aifunge akipita. Pampu isiendelee kulisha moto kwa rangi.

Tatizo ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana ni umeme kukatika. Kompresa ikizima, pampu inasimama, unga unaanza safari ya chini. Tulifunga tangi kubwa la akiba ya upepo, lakini hilo ni la dakika chache tu, la kumaliza mabeseni yaliyo kwenye kulabu. Ikizidi hapo, kompresa ndogo inahamishiwa kwenye jenereta kwa ajili ya pampu hiyo peke yake. Usiku pia pampu haizimwi, inapunguzwa tu mwendo, na tangi linafunikwa. Mhasibu alihoji gharama ya kuendesha pampu usiku kucha wakati hakuna kazi. Mzee wa Tangi alimpa lile kasia la mbao alishike, akamwambia, “Mwanangu, njoo nalo kesho saa kumi na moja alfajiri.” Suala likaisha.

Uzito wa rangi, yaani inavyotiririka kwa shida au kwa wepesi, tunaupima kwa kikombe cha Ford namba 4: kina tundu chini, na tunahesabu sekunde mpaka rangi imalize kutoka. Tunalenga kama sekunde 25. Ila namba hiyo peke yake inadanganya. Asubuhi ya Julai rangi imepoa, inatiririka pole, kijana anaona sekunde zimezidi anaongeza thina. Saa saba mchana rangi imepata joto, imekuwa maji, na beseni linatoka limepauka pembeni. Siku hizi kando ya sekunde tunaandika na nyuzi joto, na hakuna thina inayoongezwa kabla rangi haijafika nyuzi 25. Thina nayo inamiminwa kidogo kidogo kwenye kile chumba cha mafuriko, ichanganyike njiani. Ukiimwaga moja kwa moja tangini, gundi ya rangi inashtuka na kuganda vipande, umejitengenezea makamasi mapya kwa hela yako.

Pembe za chini za tangi ndizo zilizonisumbua mwisho. Hata mkondo ukiwa mzuri, kona ya mraba ina mahali rangi inalala. Tulishusha rangi yote, tukafungua milango na kupuliza hewa mpaka mvuke ukaisha na tangi likasafishwa kabisa, ndipo mchomeleaji akaruhusiwa kuingia kuziba pembe kwa bati la mshazari. Unga ulioondolewa pembeni humo ulikuwa mgumu kiasi cha kubanduliwa kwa patasi.

Vipele havijaisha kabisa. Vumbi la barabarani linaingia kila malori yanapopita na mlango uko wazi. Lakini mabeseni yanayorudishwa kupigwa msasa sasa yanajaa kona moja, si ukuta mzima kama zamani. Bosi naye amepata moyo, anataka tangi la pili, la bluu, saizi ile ile. Nimemwomba liwe nusu yake. Bluu haiuziki kama kijani, na rangi isiyotumika haraka inazeekea tangini hata ukiizungusha vipi. Bado tunavutana.