Kumbukumbu ya mradi: kilengeo cha kuhama kwa shabaha inayokimbia, mita 10, Tanga

Aliyewahi kuwinda ndege kwa manati anajua kwamba jiwe halitupwi alipo ndege, linatupwa anapokwenda. Shida ya bastola ni kwamba ukilenga mbele ya shabaha unalenga patupu. Jicho linakosa pa kushika, na kila risasi inakuwa makisio mapya. Mradi huu unahamisha makisio hayo kutoka kwenye jicho na kuyafunga kwenye chuma: kilengeo cha nyuma, kile chenye mwanya upande wa jicho, kinasogezwa kando kwa kipimo kilichopimwa, mpigaji anaendelea kulenga katikati ya duara jeusi, na risasi inakwenda mbele yenyewe.

Waliolifikisha mbali wazo hili ni wapigaji wa Bianchi Cup, mashindano ya bastola yaliyoanza Marekani mwaka 1979. Shabaha yao hukimbia futi 60 kwa sekunde 6, yaani kama mita 3 kwa sekunde, na hupigwa kutoka yadi 10, 15, 20 na 25. Bastola zao nyingi hubeba kilengeo chenye wenzo wa kukihamisha kushoto, katikati na kulia. Mtu atauliza: mbona kuna kikomo, yaani kizuizi cha kusimamishia wenzo, kimoja tu kila upande, na umbali ni minne? Jibu liko kwenye pembe. Risasi ya mita 300 kwa sekunde inahitaji kutangulia kama sentimita 9 kwa umbali wa mita 9, na kama sentimita 23 kwa mita 23. Sentimita zinakua pamoja na umbali, lakini pembe inabaki ileile, takriban miliradiani 10 (sentimita 1 kwa kila mita ya umbali), kwa sababu ni kasi ya shabaha kugawanywa kwa kasi ya risasi. Basi kinachobadilisha kipimo ni kasi hizo mbili. Umbali haubadilishi kitu cha maana.

Hapa kwetu kazi ni ya bastola ya hewa ya milimita 4.5. Vipimo vya mwendo ni vya shabaha inayokimbia ya ISSF (shirikisho la kimataifa la michezo ya kulenga shabaha) ya mita 10: uwazi wa mita 2 ambamo shabaha inaonekana, mwendo wa polepole sekunde 5, mwendo wa kasi sekunde 2.5. Mchezo wenyewe ni wa bunduki ya hewa yenye darubini, na ulikuwa kwenye Olimpiki kuanzia 1992 hadi 2004. Tumechukua mwendo wake, na karatasi ya shabaha ni ya kawaida ya bastola ya hewa, yenye duara la alama kumi la milimita 11.5 na duara jeusi la milimita 59.5.

Wiki ya 1 na 2: njia na kigari

Njia ni reli ya alumini ya pazia, mita 4, iliyofungwa juu ya ubao wa mninga. Mita 2 za katikati ziko wazi, mita 1 kila upande imefichwa kwa ubao. Hiyo mita 1 ina kazi: kigari kinachobeba karatasi lazima kiwe kimeshafika mwendo wake kamili kabla ya kutokeza. Kikitokeza kikiwa bado kinachanganya mwendo, risasi ya mapema itatangulia mno na ya mwisho itakuwa sawa, na mpigaji atajilaumu bure.

Mota ni ya waipa ya gari, volti 12. Kwenye mwendo wake wa juu inazunguka kama mara 65 kwa dakika. Puli ya mbao ya kipenyo cha milimita 240 inavuta karibu sentimita 75 kila mzunguko, hivyo mita 0.8 kwa sekunde za mwendo wa kasi (mita 2 kwa sekunde 2.5) zinapatikana kwa mizunguko 64. Kwa mwendo wa polepole kidhibiti cha mota kinaishusha hadi 32. Kasi ipimwe kigari kikiwa na karatasi yake, maana mota tupu hudanganya.

Kamba ya kwanza ilikuwa ya katani. Ni jambo la kawaida Tanga kufikiria katani kwanza, lakini kwa kazi hii haifai. Asubuhi yenye umande inanywa maji, inavimba na kufupika hadi beringi za puli zinalia. Adhuhuri inakauka, inalegea na kuteleza. Mshipi wa kuvulia nao unanyumbuka kama mpira, kigari kinaanza kwa kushtuka. Iliyokubali ni kamba ya poliesta iliyosukwa, milimita 3, pamoja na kapi moja lenye springi la kuikaza.

Betri ikishuka kutoka volti 12.7 hadi 12.0, kigari kinapoteza karibu asilimia 5 ya kasi. Hilo peke yake linaihamisha risasi milimita 2 au 3. Tunapima kwa saa kila baada ya mikimbio 20, na sekunde 2.6 ni dalili ya kurudisha betri kwenye chaja.

Nyuma ya njia kuna bati nene lililoinamishwa digrii 45 kuelekeza risasi chini kwenye sanduku la mchanga, na mbele yake zulia kuukuu linaloning'inia kukamata vipande vinavyorudi. Bati lililosimama wima linarudisha risasi kwa mpigaji. Miwani ya kinga kwa kila aliyepo, watazamaji pia, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa kuwa vumbi la madini ya risasi ni sumu.

Wiki ya 3: hesabu, na ilikokosea

Kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya risasi, inasoma mita 150 kwa sekunde mdomoni mwa mtutu na karibu 130 karibu na karatasi. Tuchukue wastani wa 140. Mita 10 kugawanywa kwa 140 ni sekunde 0.071, mara kasi ya 0.8 inatoa milimita 57. Ndivyo ilivyoandikwa kwanza, na ni makosa mawili kwa mpigo.

Kosa la kwanza: mita 10 zinapimwa kutoka kwenye mstari wa mpigaji, ilhali mdomo wa mtutu uko sentimita 80 mbele yake. Risasi inasafiri mita 9.2, sekunde 0.066. Zimebaki milimita 53.

La pili ni zuri zaidi. Mkono unaofuata shabaha unauzungusha mtutu, na risasi inatoka ikiwa na mwendo huo wa kando. Mkono unazunguka radiani 0.08 kwa sekunde, mtutu uko mita 0.8 kutoka begani, kwa hiyo risasi inabeba sentimita 6.4 kwa sekunde za kando. Ndani ya sekunde 0.066 ni milimita 4. Zimebaki 48, tisa pungufu ya hesabu ya kwanza, na milimita tisa kwenye karatasi hii zinavuka duara zima. Kwa mwendo wa polepole kila kitu ni nusu: milimita 24.

Kwa hiyo anayelenga katikati bila kutangulia, hata akipiga kikamilifu, atapata nane kwa shida kwenye mwendo wa polepole na tano kwa shida kwenye mwendo wa kasi. Mara nyingi atapata saba na nne.

Wiki ya 4 hadi 6: kilengeo chenyewe

Skrubu ya kawaida ya kilengeo ingetosha kama shabaha ingekimbia upande mmoja tu. Tulipiga tano, tukazungusha skrubu mibofyo 10 (mbofyo ni mlio wa hatua moja ya skrubu), tukapiga tano tena: kundi la matundu lilihama milimita 21, yaani 2.1 kwa kila mbofyo. Kutoka upande mmoja wa kasi hadi wa pili ni kama mibofyo 46. Hakuna anayeweza kuhesabu 46 kati ya mkimbio na mkimbio bila kukosea, na skrubu ikigeuzwa upande huwa na pleyi, yaani ulegevu, ya mbofyo mmoja au miwili kabla haijashika.

Badala yake, bamba la kilengeo linateleza ndani ya mfereji na kugonga vikomo viwili. Umbali kati ya vilengeo vya mbele na nyuma ni milimita 330, na kutoka kilengeo cha nyuma hadi karatasi ni mita 9.5. Kila sehemu ya kumi ya milimita kwenye bamba inakuwa milimita 2.9 kwenye karatasi. Kwa milimita 48, bamba lihame 1.67 kutoka katikati. Lihamie kulekule shabaha inakokwenda: shabaha ikienda kulia, kilengeo cha nyuma nacho kulia. Ukichanganya hapo, kosa linazidishwa mara mbili.

Sehemu zake:

Kitako cha alumini, unene milimita 6, chenye mfereji wenye kingo zilizoinama kwa ndani ili bamba lisiinuke. Mafundi wa kukereza vyuma wa Ngamiani, hapa Tanga, wanaukata vizuri ukiwapelekea mchoro wenye vipimo. Ukiwapelekea maneno matupu utarudi mara tatu.

Bamba la shaba ya njano, milimita 2, lenye mwanya wa kulengea. Shaba haipati kutu kwa hewa ya bahari, na inateleza juu ya alumini bila kukwaruza sana.

Vikomo ni skrubu mbili za stenlesi za M3 (kipenyo milimita 3), kila moja na nati ya kufungia. Nafasi kati ya nyuzi zake ni nusu milimita, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 14 kwenye karatasi na robo ni 3.6. Nati ikikazwa huivuta skrubu kidogo, kwa hiyo kipimo kisomwe baada ya kukaza.

Springi ya kupinduka, kama ile ya swichi ya taa ya ukutani: ikivuka katikati inalisukuma bamba upande wa pili na kulishikilia kwenye kikomo. Bila hiyo, mshtuko wa bastola unalirudisha bamba nyuma polepole, na kundi linatambaa kwenye karatasi risasi kwa risasi.

Pleyi ndani ya mfereji ipimwe kwa fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kinachozidi milimita 0.05 kikataliwe. Bamba la kwanza lilikuwa na 0.12 na likatupwa. Mafuta hayafai, yanashika mchanga wa pwani na kuwa msasa. Unga wa kalamu ya risasi unatosha. Ila kwenye nyuzi za stenlesi ndani ya alumini paka grisi. Chumvi ya bahari ikikutana na metali hizo mbili huleta unga mweupe, na baada ya miezi michache skrubu haitoki tena.

Wiki ya 7 na 8: kupima kwa risasi

Utaratibu ni huu. Bamba katikati, shabaha imesimama, kundi liwe katikati. Kisha bamba likiwa bado katikati, fuata shabaha ukilenga katikati ya duara jeusi na upige 20 kila upande kwenye mwendo wa kasi. Ondoa zile ulizojua zimeharibika kabla ya kuiona karatasi, na hizo tu. Pima wastani wa zilizobaki. Risasi tano hazitoshi. Mtawanyiko wa kawaida unaweza kuupotosha wastani kwa sentimita nzima.

Matokeo: kwenda kushoto, risasi zilibaki nyuma milimita 46, kwenda kulia, 51. Hesabu ilisema 48 pande zote. Tofauti inatoka kwa mpigaji wa mkono wa kulia, ambaye mkono wake ukienda nje hupungua mwendo wakati wa kuvuta triga. Vikomo vimewekwa hivyo: kushoto milimita 1.60, kulia 1.77. Anayetumia mkono wa kushoto apime upya, asinakili namba hizi.

Hapa ndipo adui mkubwa alipoonekana. Mkono ukisimama sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya risasi kutoka, shabaha imeshakwenda sentimita 8. Hakuna kilengeo kitakachofidia hilo, kwa sababu husimami kwa kipimo kilekile kila mara. Dalili yake ni kundi refu lenye mkia upande wa nyuma, wakati kundi la mviringo lililokaa pembeni ni kosa la kikomo. Ukiona mkia, usiguse skrubu. Rudi kufuata shabaha bila risasi, triga ivutwe mkono ukiendelea kutembea hadi karatasi ijifiche.

Kusahau kupindua bamba ni kosa la milimita 97, nje ya duara la moja kabisa. Wenzo wa kupindulia bamba umepakwa rangi nyekundu kushoto na nyeupe kulia, na ratiba ni moja: jaza risasi, pindua, tazama rangi, inua.

Kwa mikimbio mchanganyiko, ambapo kasi haijulikani kabla shabaha haijatokeza, vikomo viwekwe katikati ya kasi mbili, karibu milimita 36 kwenye karatasi. Kosa linakuwa 12 kila upande, na risasi iliyolengwa sawa bado inagusa tisa. Ni bei nafuu kuliko kubahatisha.

Upimaji wote ulifanywa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Kuanzia saa 5 upepo wa bahari unakatiza njia, na risasi ya nusu gramu inahama milimita kadhaa hata kwa mita 10. Bastola za gesi zina tatizo la ziada, jua linapandisha shinikizo na kasi. Za hewa iliyobanwa zenye kidhibiti cha shinikizo zilikaa sawa siku nzima.

Kinachosubiri: kikomo cha tatu cha katikati, cha kujifungia chenyewe, ili kurudi kwenye shabaha iliyosimama kusihitaji jicho. Gololi ya milimita 2 juu ya springi inaonekana kufaa, lakini kishimo chake kwenye shaba kinachakaa baada ya mipinduko mia kadhaa, kwa hiyo kishimo hicho kitajaribiwa kwenye kipande cha chuma cha msumeno.