Siku yangu moja hosteli, baada ya miaka 5 nje ya hii kazi

Saa 11 alfajiri naamka bila alamu, naangalia simu. Misdi kolu hakuna. Zamani nikikuta hakuna misdi kolu ndio nilikuwa naogopa zaidi, nawaza simu imezima au kuna jambo wamenitafuta wamenikosa, maana nilikuwa naishi ndani ya bloku kabisa, chumba cha chini pembeni ya ngazi, anayeumwa tumbo anagonga, aliyepoteza funguo anagonga, aliyegombana na rumeti wake anagonga. Miaka 8 hivyo. Niliporudi mwezi wa 10 mwaka 2024 nilitoa masharti mawili, la kwanza nikae kwangu Kihesa na usiku wawepo watu wa zamu. La pili nitalisema huko mbele.

Kwa wasionijua, mimi ni wadeni, yaani msimamizi, wa hosteli ya wasichana, chuo kimoja hapa Iringa. 2019 niliacha kazi nikaenda Mafinga kuuza mbao na kaka yangu. Korona ilipofunga vyuo Machi 2020 mpaka vikafunguliwa tarehe 1 Juni, mimi nipo yadi nahesabu mbili kwa nne za paini, huku nawaza zile funguo kazipokea nani na wale wasio na nauli wameenda wapi. Biashara ilikuwa nzuri tu, siwezi kusema nilishindwa.

Hii ni Jumatatu ya fasti yia, wale wa mwaka wa kwanza, kuripoti.

Saa 12 na nusu nashuka kwenye bajaji, baridi bado ipo japo ni mwezi wa 11. Mlinzi wa getini, mzee wa siku nyingi, ananisalimia kamwene mama, ndiye mtu pekee niliyemkuta pale pale nilipomwacha.

Saa 1 napita bloku na fundi. Simtanki mbili zimejaa, moja koki inavuja, vyoo vya ghorofa ya pili havivuti. Chumba kimoja soketi imeungua imekuwa nyeusi, nikajua tu ni ile hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, watoto wanachemshia maji ya kuoga na nyaya za humu ni za zamani, hazikuwekwa kwa mzigo huo. Zamani ningeibeba hita na jina ningelibandika ubaoni. Leo nimewaita wote wanne nikawaonyesha ile soketi, nikamwambia fundi aifungue waone waya ulivyoyeyuka kwa ndani. Mmoja aliitoa hita yake mwenyewe chini ya kitanda akanipa. Ila ukweli ni kwamba Iringa mtu hawezi kuoga maji ya asubuhi yale, na nimeandika tena ombi la sehemu moja ya kuchemshia maji kila bloku, hii ni mara ya tatu na nitaandika ya nne.

Saa 2 kikao kifupi. Bosi wangu sasa hivi ni dada ambaye 2016 alikuja kwangu kama msaidizi, mimi ndio nilimfundisha kushika daftari la funguo. Yeye ananiita mama, mimi mbele za watu namwita afisa. Niseme tu wazi, wiki ya kwanza iliniuma, nimerudi ngazi ya chini kuliko niliyoiacha na mshahara umeanza upya. Lakini sistimu ya kupanga vyumba kanifundisha yeye, jioni baada ya kazi, siku 4 mfululizo, na hakuna siku alinionyesha kuchoka. Mtu anayetaka kurudi kwenye kazi aliyoiacha ajiandae na hilo, kiti chako kina mtu na pengine anakikalia vizuri.

Saa 3 mpaka saa 8 ni foleni. Malipo ya chumba siku hizi ni kontro namba, ile namba ya kulipia kwa simu au benki, sio lisiti za vitabu kama zamani, ni nzuri ila ikikataa kusoma unabaki unaangaliana na mtu ambaye hela yake imeshakatwa. Ikamtokea baba mmoja, katoka Makete na binti yake, wamelala njiani, wana godoro, ndoo, begi na kiroba cha viazi, meseji ya muamala anayo ila kwenye sistimu binti hajalipa. Yule baba hakugomba wala hakupandisha sauti, ananionyesha tu ile simu yake ndogo kila baada ya dakika kumi, "mama angalia tena". Nilienda mwenyewe kwa wahasibu, tukakuta amekosea tarakimu moja ya kontro namba, ikachukua masaa mawili kurekebisha.

Saa 7 na nusu binti akapata kitanda, juu, dabo deka, ghorofa ya tatu. Baba anataka kukiona. Wanaume hawapandi bloku la wasichana hata akiwa mzazi, na sheria hiyo naiunga mkono. Nikamwambia mzee wangu simama hapa kwenye mwarobaini, nikapanda na binti, nikafungua dirisha, akatoa mkono akapunga. Baba akavua kofia. Alisimama pale muda mrefu, binti ameshaondoka dirishani anatandika.

Saa 8 ugali maharage, dakika kumi.

Saa 9 nikaletewa kesi ya kubebana. Kwa asiyejua, kubebana ni mwenye chumba kumlaza mwenzie asiye na chumba kwenye kitanda chake, na mara nyingi chanzo ni hela. Bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, la kula na kulala nilipoacha lilikuwa 8,500 kwa siku, tangu 2022 ni 10,000, ila linakuja kwa awamu, na wapo wengi hawana mkopo kabisa.

2018 nilimkuta msichana amebebwa, saa 3 usiku, nikamtoa. Sheria ilikuwa upande wangu. Nikaandika ripoti, nikalala, na nililala usingizi mzito kabisa. Asubuhi nikamkuta kwenye ngazi za maktaba kajikunyata na kanga, Iringa mwezi wa 6. Kilichonitisha zaidi ni ule usingizi wangu. Nilijua hapo kwamba nimeanza kuona vitanda tu, watu siwaoni tena, na mtu wa hivyo asilinde watoto wa wenzie. Mwaka uliofuata nikaondoka.

Kwa hiyo sharti la pili ni hili, vitanda vinne vya chumba cha chini, kile nilichokuwa naishi mimi, visigawiwe kwenye sistimu. Anayekamatwa amebebwa analala pale siku 14 huku tunatafuta njia, na ripoti inaandikwa vile vile. Huyu wa leo ni mwaka wa pili, mama yake ameumwa, ada ya chumba imeenda hospitali. Nimempa kitanda cha nne, sasa chumba kimejaa na ni wiki ya kwanza tu, kesho nitaongea na afisa tuone.

Ilibidi nitoke saa 11 jioni, nimetoka saa 1 usiku.

Saa 2 na nusu nipo jikoni simu inaita, namba ngeni. Yule baba. Amefika Njombe, gari la Makete mpaka asubuhi, atalala hapo hapo stendi. Anauliza kama binti amekula. Nikampigia dada wa zamu, akathibitisha amekula na wenzie, wamepika vile viazi. Nikamrudishia majibu. Halafu nikamuuliza na wewe baba hapo stendi una blanketi, maana Njombe naijua.

"Blanketi nimemwachia yeye."