Mkufunzi wako alifundisha darasa gani?

Wanachuo wa ualimu wakiletwa shuleni kwetu kwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, huwa nawauliza swali moja kabla sijawaonyesha hata daftari la mahudhurio: wakufunzi wenu walikuwa wanafundisha wapi kabla ya kuja chuoni? Wengi hawajui. Wanaojua hujibu "sekondari", au "alitoka chuo kikuu moja kwa moja". Mara chache sana namsikia mmoja akisema, "Madam wa Kiswahili alikuwa mwalimu wa darasa la pili huko Meatu." Huyo namkabidhi darasa langu roho ikiwa imetulia kidogo.

Mimi nafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali, kijijini, mkoani Geita. Januari inapofika napokea watoto wanaojua "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma, kabla ya "Shikamoo", na tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 sikumbuki kuwa na darasa lenye watoto chini ya mia moja. Wengine hawajawahi kushika penseli. Hapo ndipo kijana wa chuo analetwa, na andalio la somo lililopigwa mistari kwa rula, aje ajifunze kazi. Kwa hiyo swali langu si la udaku. Nataka kujua aliyemfunza alikuwa anamfikiria mtoto yupi alipokuwa anamfunza.

Mimi mwenyewe niliingia chuo mwaka 2003, enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Madarasa yalikuwa yanajengwa kila kijiji, watoto wanaandikishwa kwa wingi, walimu hawatoshi, na mafunzo ya Daraja la III A, yaani cheti cha ualimu wa msingi, yakapangwa hivi: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili shuleni kazini. Wengi wetu tulikuwa na daraja la nne la kidato cha nne, na kwenye Hisabati tuna F. Chuo kikabeba kazi mbili kwa mpigo, kutufundisha upya yale yaliyotupita sekondari na kutufundisha namna ya kuyafundisha. Kazi ya kwanza ilimeza muda karibu wote. Na kwa kazi hiyo ya kwanza, lazima niseme haki, mtu aliyetoka sekondari ndiye anayefaa.

Mkufunzi wetu wa Hisabati alikuwa na shahada ya Mlimani na alikuwa amefundisha kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi. Namshukuru mpaka leo. Kwake ndipo nilipoelewa kwa nini ukigawanya sehemu kwa sehemu unaigeuza ile ya pili kisha unazidisha. Kabla ya hapo nilikuwa nafanya tu kwa sababu niliambiwa. Alitutoa woga wa namba. Sasa siku moja mwenzetu aliyekuwa amewahi kujitolea kufundisha kijijini kwao akamuuliza: mtoto anahesabu moja mpaka ishirini bila kukosea, lakini ukimwambia "nipe visoda saba" anakupa gao zima, unamwanzia wapi? Mkufunzi alikaa kimya, kisha akasema mambo hayo tutayajua tukifika shuleni.

Hakusema kwa dharau. Hakuwahi kukutana na mtoto huyo. Wanafunzi aliowajua yeye walikuwa wameshachujwa mara mbili, kwenye mtihani wa darasa la saba na kwenye ule wa kidato cha nne. Mtoto asiyeweza kuhesabu visoda saba hakuwahi kufika mbele yake, kwa sababu alishaachwa njiani miaka kumi kabla. Nadhani hili ndilo watu hawalioni tunaposema "mwalimu ni mwalimu tu". Aliyefundisha sekondari amefundisha wale ambao sisi tulifaulu kuwafikisha huko. Kazi yetu hasa iko kwa ambao bado hawajashika chochote.

Wa Saikolojia alikuwa kijana, chuo kikuu bado kinamnukia. Hatua nne za Piaget, mbwa wa Pavlov, Skinner na kuimarisha tabia, tulivikariri vyote na mtihani tukaufaulu. Sitamzungumzia zaidi, maana alifundisha alichofundishwa.

Nataka kumzungumzia mama aliyetufundisha mbinu za Kiswahili. Huyu alianza kazi kama mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wasomaji vijana labda hawajui: baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliamua watoto wote wa rika la shule wawe darasani kufikia mwaka 1977. Walimu wasingetokea popote kwa kasi hiyo, kwa hiyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa wakiwa tayari wanafundisha, kwenye vituo vya kata, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa wakufunzi waliokuwa wakizunguka kuwatembelea. Watu wamewasema sana walimu hao. Yeye alianzia hapo, akapewa Daraja la III C, akapanda, akafanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea na watoto nyumbani, akasoma stashahada, na shahada akaimalizia Chuo Kikuu Huria. Katika safari yote hiyo hakutoka kwenye madarasa ya mwanzo mpaka alipohamishiwa chuoni.

Vitu alivyotufundisha havikuwa kwenye muhtasari. Simama ubavu unapoandika ubaoni. Ukigeuza mgongo kwa watoto themanini umelipoteza darasa. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, asigongane kiwiko na mwenzake halafu wewe ukamwita mtukutu. Usimpe penseli mtu ambaye kidole chake hakijawahi kuchora mchangani. Anza hewani, shuka mchangani, nenda kwenye kibao, daftari lije mwisho. Mtoto akisinzia au kulia kabla ya saa nne asubuhi, uliza kwanza amekula nini tangu jana.

Na lile la herufi. Sisi tulikuwa tumesomeshwa "be a, ba", na tulidhani ndiyo njia. Mama akatuuliza: mtoto anayesikia "be" halafu "a", kwa nini aseme "ba" na si "bea"? Tamka sauti, jina la herufi atalijua baadaye. Mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ulipokuja mwaka 2015 na msisitizo wake wa sauti za herufi, walimu wengi shuleni kwetu waliuona mgeni kabisa. Mimi nilikuwa nimeshaufanyia kazi miaka zaidi ya kumi, kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyeligundua jambo hilo mbele ya watoto wake mwenyewe.

Kuhusu "l" na "r" ndiko alikonisaidia zaidi, maana Kisukuma hakina "r". Mtoto wa kwetu akisema "balua" hajakosea kwa uzembe, sikio lake halijapewa tofauti. Mama alisema usimchape, usimcheke, wala usimruhusu mwenzake amcheke. Mpe "kula" na "kura" asikilize tu, ainue mkono wa kulia au wa kushoto, wiki nzima kama ni lazima, kabla hujamtaka atamke. Naifanya kila mwaka na kila mwaka inafanya kazi.

Lakini kilichomtofautisha kabisa ni hiki. Chuo chetu, kama vyuo vingi, kilikuwa na shule ya mazoezi karibu na geti. Wakufunzi wengine walitupeleka kule, wakakaa nyuma na fomu. Yeye alitukalisha sisi nyuma, akachukua chaki akafundisha mwenyewe. Kuna kipindi kilimharibikia, watoto walichoka mapema, nusu ya darasa ikawa inaangalia mbuzi dirishani. Tuliporudi chuoni akakiandika ubaoni hatua kwa hatua, akatuonyesha dakika ambayo angepaswa kuacha maneno na kuimba. Sijapata somo la ualimu lililo bora kuliko hilo.

Sasa, kwa nini watu wa namna yake ni wachache vyuoni? Si kwamba kuna mtu anawakataa. Ni njia yenyewe ilivyotengenezwa. Vyuo vya ualimu vya serikali viko chini ya Wizara ya Elimu, shule zetu ziko chini ya halmashauri na TAMISEMI, na mtu wa chuoni anatakiwa awe na shahada. Mwalimu wa msingi akijitahidi akapata shahada, kwa miaka mingi matokeo yake yamekuwa kuhamishiwa sekondari. Yaani ukishakuwa na elimu ya kutosha kuwafunza wengine kazi ya darasa la kwanza, unaondolewa kwenye darasa la kwanza na kwenye habari zake zote. Wenzangu kadhaa wamepita njia hiyo, walimu wazuri kabisa wa KKK, leo wanafundisha kidato cha pili. Na mwaka 2017, serikali ilipowahamishia msingi walimu wa sanaa waliozidi sekondari, nilisikia watu wakiwapa pole kama wamefiwa. Heshima yetu inapimwa kwa umri wa mwanafunzi: kadiri mwanafunzi alivyo mkubwa, ndivyo mwalimu anavyoonekana wa maana. Hilo linaniuma.

Wala si Tanzania peke yake. Watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Sussex walichunguza vyuo vya ualimu Ghana, Lesotho, Malawi, Afrika Kusini na Trinidad mwishoni mwa miaka ya 1990, wakakuta hali inayofanana na yetu: wakufunzi wengi wa walimu wa msingi walitoka sekondari, na uzoefu wao wa shule za msingi ulikuwa mdogo au haukuwepo.

Njia nyingine iliwahi kuwepo, na mfano wake anaujua kila Mtanzania bila kuufikiria. Mzee Ali Hassan Mwinyi, kabla ya siasa na kabla ya Ikulu, alifundisha Shule ya Msingi Mangapwani, Unguja, akawa mwalimu mkuu pale pale. Ndipo akaenda kusomea elimu Durham, Uingereza, akarudi kuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu Zanzibar, na hatimaye mkuu wa chuo hicho. Angalia mpangilio wake: watoto kwanza, chuo kikuu baadaye, kisha kuwafunza walimu. Alipofariki mwaka 2024 yalisemwa mengi, na yalistahili, lakini mimi nilikuwa naifikiria Mangapwani.

Sera ya Elimu toleo la 2023 inapandisha kiwango cha chini cha mwalimu kuwa stashahada. Naiunga mkono; mwaka mmoja tuliopewa sisi haukutosha. Vyuo pia vimepata nguvu: mradi uliofadhiliwa na Canada umegusa vyuo vyote 35 vya serikali, kompyuta zimeingia, na Mpuguso, Ndala, Kitangali na Shinyanga vimejengwa upya. Hofu yangu ni kwamba kiwango kikipanda tutatafuta wakufunzi wenye shahada za juu zaidi, na katika kutafuta huko swali la "umefundisha darasa gani" litazidi kusahaulika.

Simaanishi kwamba aliyetoka sekondari hawezi. Mwaka juzi mkufunzi mmoja alikuja kuwakagua wanachuo wake kwetu. Kwa kawaida wanakaa kipindi kimoja cha nusu saa, wanaangalia azimio la kazi, andalio, zana, mavazi, wanajaza fomu, gari linawasubiri kwenda shule nyingine. Huyu alibaki. Akasema wazi kwamba miaka yake yote ilikuwa sekondari, akaomba apewe kipindi. Mwenzangu wa darasa la pili akampa kutoa kwa kuchukua. Alianza ubaoni na 42 toa 17, akaeleza vizuri sana, kwa ufasaha, na hakuna mtoto aliyekuwa naye. Katikati ya kipindi aliiacha chaki, akakaa sakafuni, akaomba vijiti vyetu vya makumi vilivyofungwa kwa mpira, akafungua fungu moja mbele ya macho yao: makumi manne yamekuwa matatu, vijiti viwili vimekuwa kumi na viwili. Wakamfuata. Wiki iliyofuata alirudi na kundi zima la wanachuo wake, akarudia somo lile lile wakiwa wanamwangalia. Hilo halikumgharimu chochote zaidi ya asubuhi mbili.

Ndiyo maana ninachopendekeza si kikubwa. Kila mkufunzi wa ualimu wa msingi awe na kipindi chake kwenye ratiba ya shule ya mazoezi, cha kufundisha na si cha kukagua, madarasa ya kwanza na ya pili, mwaka mzima. Na mwalimu wa msingi mwenye shahada aliyekaa na madarasa hayo miaka kumi au zaidi afunguliwe mlango wa chuo kabla ya kupelekwa sekondari, kwa cheo na mshahara unaolingana. Wakuu wa vyuo wanaweza kuanza na la kwanza muhula ujao bila kusubiri waraka.

Najua kuna wakufunzi wanaosoma hapa. Niandikieni kwenye maoni: ulifundisha darasa gani kabla ya chuo, na mara ya mwisho kusimama mbele ya watoto wa miaka saba ilikuwa lini? Na atakayepita Geita msimu wa BTP anakaribishwa. Kusoma ni kipindi cha kwanza, tunaanza saa mbili kamili, na chaki nitampa mimi.