Nilivyozikusanya sesheni zote sehemu moja

Wiki hii nimeshinda kwenye kona moja tu ya mfumo wa saccos ninaoutunza: msimbo wa sesheni, ile kumbukumbu ambayo seva huitunza ili ijue nani ameingia. Ni mfumo wa PHP, lugha ya kuandikia programu za wavuti, umepita mikononi mwa watu wengi kwa miaka, na unafanya kazi. Makarani wa kaunta wanapokelea marejesho humo, maofisa mikopo wanaidhinisha humo, wanachama wanaangalia salio kwa simu zao. Kwa sababu hiyo nauheshimu, na kwa sababu hiyohiyo nilichokikuta kiliniondolea raha.

Nilianza kwa kutafuta neno session_start, amri ya PHP ya kufungua sesheni, kwenye folda nzima. Lilikuwa karibu kila faili, mahali pengine likitanguliwa na alama ya @, ile inayoiamuru PHP inyamaze hata kama kuna onyo. Kitambulisho cha mtumiaji kilikuwa na majina matatu: ukurasa huu unasoma uid, ule userid, mwingine mtumiaji, na mtu akiingia mfumo unayajaza yote matatu ili pasiwe na ukurasa unaolalamika. Ruhusa nazo kila ukurasa ulijikagulia wenyewe, kwa mistari iliyonakiliwa kutoka ukurasa mwingine.

Hiyo mistari ndiyo iliyonisimamisha. Inasema: kama hakuna mtumiaji kwenye sesheni, tuma header ya Location, yaani agizo la kumhamisha mtu, kwenda login.php. Basi. Hakuna exit, amri ya kusimamisha programu, baada yake. Anayetumia kivinjari hawezi kuona tatizo, maana kivinjari kikipokea header ile kinahamia ukurasa wa kuingilia papo hapo. Kule kwenye seva, PHP haijasimama. Inaendelea na mstari unaofuata, na mwingine, mpaka mwisho wa faili. Nikachukua nakala ya majaribio, nikautumia ukurasa wa kuidhinisha mkopo ombi kwa curl, programu ya kutuma maombi bila kivinjari, bila kuingia popote. Jibu likaja 302, nenda kaingie kwanza. Nikafungua hifadhidata: mkopo ule wa majaribio ulikuwa umeshaidhinishwa. Niliitazama ile safu kwa muda mrefu. Zile ni akiba za walimu na wauguzi, za watu wanaokatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Usiku uleule niliongeza exit kila palipohitajika na kupeleka rekebisho kwenye mfumo unaotumika, kwa kuwa jambo hilo halikuwa la kungoja. Ila sikuridhika. Ukurasa utakaoandikwa mwezi ujao utanakiliwa kutoka wapi, na nani atakumbuka? Usalama unaotegemea kila mwandishi akumbuke mstari mmoja kwenye kila faili siku moja utamponyoka mmoja wao, hata awe hodari namna gani.

Kwa hiyo nimeandika klasi moja, yaani fungu la msimbo lenye kazi yake maalumu, nimeiita Sesheni, yenye mambo machache: anza, ingia, toka, mtumiaji, hitaji. Hakuna faili jingine lenye ruhusa ya kugusa $_SESSION, mahali PHP inapoweka data za sesheni. Ukurasa wa kuidhinisha mkopo sasa unaanza na Sesheni::hitaji('ofisa_mikopo'), na kama aliyekuja hana cheo hicho, inarushwa hitilafu na kazi inakatika pale pale. Hakuna mstari wa chini utakaofikiwa. Kumpeleka mtu kwenye ukurasa wa kuingilia ni kazi ya sehemu moja inayodaka hitilafu hizo zote.

HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, yenyewe haina kumbukumbu. Kila ombi linafika kama la mgeni, na ndiyo sababu Lou Montulli wa Netscape alibuni vidakuzi, vipande vidogo vya data ambavyo kivinjari huvitunza na kuvirudisha kwa seva kila ombi, mwaka 1994. Kitambulisho cha sesheni kilichomo ndani ya kidakuzi ni kama kile kikaratasi cha namba unachopewa supamaketi ukiacha begi lako mlangoni: mhudumu haangalii sura, anaangalia namba. Oktoba 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, kiongezo cha Firefox, akaonyesha dunia jambo hilo: mtu aliyekaa kwenye Wi-Fi isiyofungwa aliweza kuchukua kidakuzi cha jirani yake na kuingia Facebook kama yeye, kwa kubofya tu. Tovuti nyingi wakati ule zililinda nenosiri kwa HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa, kisha zikarudi HTTP na kidakuzi kikapita wazi. Alama za kukilinda kidakuzi, Secure, HttpOnly na SameSite, zinawekwa sasa ndani ya anza, mara moja kwa mfumo mzima. Zamani zilikuwepo kwenye ukurasa mmoja wa kuingia, ule wa wanachama, na wafanyakazi wenye madaraka makubwa zaidi hawakuwa nazo.

Ndani ya ingia kuna session_regenerate_id(true), inayotoa kitambulisho kipya. Mitja Kolšek alilieleza shambulio inalolizuia mwaka 2002: mshambuliaji hahangaiki kuiba kitambulisho chako, anakupandikizia chake kabla hujaingia, anangoja uingie, kisha anakitumia. Dawa yake ni kubadilisha kitambulisho pale mtu anapothibitishwa. Nimewasha pia use_strict_mode, ambayo PHP huja ikiwa imeizima, ili seva ikatae kitambulisho ambacho haikukitoa yenyewe. Na toka inafanya yote: inafuta data, inaharibu sesheni, inafuta kidakuzi. session_destroy peke yake haikigusi kidakuzi, na kwenye kompyuta ya kaunta inayopokezanwa na watu hilo si jambo dogo.

Jumatano nilikwenda ofisini kwa saccos, nikakaa na mama mmoja mfanyakazi, maana kuna malalamiko ambayo huwezi kuyasoma kwenye msimbo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii mashine yenu inanitoa. Naanza fomu ya mkopo, naandika wadhamini wote, naitwa kusaidia kaunta ya pili, nikirudi nakuta inataka nenosiri na fomu imekwenda. Siku nyingine nakaa mpaka jioni haijanitoa. Inachagua siku?”

Inachagua, kweli. Mtu aliyeandika mfumo aliitegemea gc_maxlifetime, mpangilio wa PHP ambao kwa kawaida ni sekunde 1440, yaani dakika 24. Wengi huidhani ni saa ya kumtoa mtu. Ule ni umri ambao faili la sesheni likiufikisha linahesabiwa takataka, na usafishaji wenyewe, kwa mipangilio ya asili ya PHP, hufanyika kwa bahati nasibu, wastani wa mara 1 katika maombi 100. Siku yenye wateja wengi mfagio unapita mapema. Siku tulivu haupiti. Mama wa watu alikuwa ameiona kasoro hiyo vizuri kuliko sisi wenye msimbo.

Sasa sesheni inabeba saa ya ombi la mwisho, na anza inaikagua: dakika 15 za ukimya kwa wanaogusa fedha, kila siku, bila kubahatisha. Na fomu ya mkopo haikai tena kwenye sesheni. Kila sehemu ikijazwa inahifadhiwa kama rasimu kwenye hifadhidata, akiingia tena anaikuta na wadhamini wake wote. Nikiulizwa ubora wa msimbo ni nini nitamtaja yule mama kabla sijataja klasi yoyote.

Pale pale akanionyesha jingine. Akifungua ripoti ya mwisho wa mwezi kwenye tabo moja, tabo nyingine zote zinaganda, na ofisi nzima imezoea kusema mtandao uko chini. Mtandao hauna kosa. PHP ikifungua faili la sesheni hulifunga kwa kufuli mpaka ombi liishe, na ombi la pili la kivinjari kilekile hungoja nje. Ripoti inayokokotoa kwa dakika nzima inamfungia mtu dakika nzima. session_write_close mara tu baada ya kumtambua mtumiaji, kabla ya hesabu kuanza, na tatizo likaisha. Mstari mmoja, baada ya miaka ya kumlaumu mtoa huduma wa intaneti!

Kilichobaki kilikuwa kumtoa mtu kwa nguvu. Mfanyakazi akiacha kazi, akaunti yake hufungwa, lakini ukaguzi huo ulifanyika wakati wa kuingia tu. Aliyeko ndani alibaki ndani. Septemba 2018 Facebook walipogundua tokeni za kuingilia zimeibiwa, waliwatoa watumiaji milioni 90 hivi kwa mkupuo, kwa sababu walikuwa na uwezo wa kuzifuta. Nimeweka jedwali dogo la sesheni hai, na anza inaliuliza kila ombi. Mtu akibadilisha nenosiri, au meneja akifunga akaunti, safu zake zinafutwa na ombi linalofuata linakataliwa. Wenzangu huniuliza kwa nini nisihamie JWT, tokeni yenye sahihi anayoibeba mtumiaji mwenyewe. Tokeni ya namna hiyo inajitosheleza: seva inakagua sahihi na muda wake, haiulizi popote. Ukitaka kuifuta mapema lazima utunze orodha ya zilizofutwa, na hapo umeshajenga sesheni upya kwa njia ndefu. Kwa mfumo wa ukubwa huu sioni faida.

Majaribio yote yanapita: kitambulisho kinabadilika baada ya kuingia, cha zamani kinakataliwa, ukurasa wa kuidhinisha ukiombwa na asiyeingia hauigusi hifadhidata. Hilo la mwisho nililiandika kabla ya klasi yenyewe, na litabaki humo hata nikiondoka. Bado kurasa za kuchapa risiti zinasoma $_SESSION moja kwa moja, nitazimaliza kesho. Jumamosi mchana, kaunta ikishafungwa, nitapandisha toleo jipya. Jina la kidakuzi limebadilika, kwa hiyo kila mtu atatakiwa kuingia upya, na meneja ameshakubali kuwatangazia wafanyakazi na wanachama kabla ya siku hiyo.