Kijana wa stoo na ibara ya 15

Jumanne moja, saa tatu na nusu usiku, bosi aliandika kwenye grupu la WhatsApp la ofisi: anataka idadi ya mifuko ya saruji iliyobaki ghala la Mbagala. Mimi nikatoka kitandani kutafuta kompyuta. Kabla haijawaka, kijana wa stoo, ana umri wa miaka 24, kazini ana miezi mitano, alishajibu: "Shikamoo bosi. Nitaituma kesho saa mbili nikifika."

Grupu lina watu 14. Hakuna aliyeandika kitu tena usiku ule.

Asubuhi niliitwa. Mimi ndiye msimamizi wake, basi nimwandikie barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu. Nikasema sawa, bosi. Nina miaka 16 pale, na sikumbuki kama nimewahi kusema kingine.

Jioni nikapitia kwa baba, Temeke. Kusema kweli nilikwenda kutafuta mtu wa kulalamika naye kuhusu vijana wa siku hizi. Nikamsimulia yote. Akauliza swali moja:

"Alimwamkia?"

"Alimwamkia, baba."

"Basi huyo ana adabu. Sisi meneja tulimfungia geti."

Baba huyu huyu, ambaye mimi nikichelewa kumpa shikamoo ananitazama hadi nijirekebishe! Kumbe mwaka 1971, akiwa na miaka 21 katika kiwanda kimoja cha Barabara ya Pugu (hii tunayoiita sasa Nyerere), TANU, chama tawala cha wakati ule, ilitoa tamko lake lililoitwa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikapiga marufuku kiongozi kuwa na majivuno na kuwadharau anaowaongoza. Nadhani walioiandika walidhani itasomwa mikutanoni na kupigiwa makofi. Wafanyakazi wa Dar es Salaam waliichukua ilivyo. Meneja akitukana mtu, mashine zinazimwa. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walifika mpaka kukitwaa kiwanda chenyewe. Baba alihesabu kwa vidole viwanda vilivyogoma, vidole vikamwishia. Baadaye serikali ikachoka nao, migomo ikazimwa.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kutuambia. Akasema, "Mlikuwa mnataka ada."

Hapo akanimaliza. Maana baba ninayemkumbuka mimi ni wa miaka ya tisini, wakati wa ubinafsishaji, alipopunguzwa kazini na kurudi nyumbani na bahasha. Nilikuwa darasa la sita. Mama alikaanga maandazi saa kumi alfajiri, baba akauza mkaa. Nilitoka utotoni nikijua kazi ni yai, unalishika kwa mikono miwili na hukohoi. Watu wa rika langu pale ofisini karibu wote wako hivyo. Tunajiita wavumilivu. Wazee wetu hawakuwa wavumilivu hata kidogo, wala hawa wadogo zetu.

Kesho yake nilimwita kijana, barua ikiwa kwenye droo. Hakuwa na hasira. Akatoa simu, akanifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. "Dada, saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo mnakubaliana, na inalipwa mara moja na nusu." Nimesimamia watu miaka minane na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisoma. Niliisomea kwenye simu yake, miwani nimeisahau nyumbani.

Barua sikuitoa. Nilimwambia bosi nimemwonya kwa mdomo. Aliiulizia mara mbili, halafu yakaja mambo ya kodi ya TRA akasahau.

Msije mkadhani nimekuwa shabiki wao. Mwezi wa kumi na moja kijana alipata kazi Dodoma, akatoa notisi ya siku 28 kamili, nilizihesabu kwenye kalenda, na ya mwisho ikaangukia katikati ya kuhesabu mali ya mwaka. Alituaga kwa soda, akaniachia jedwali la stoo safi kuliko nililowahi kutengeneza mimi, akaondoka saa kumi na moja juu ya alama. Nondo nilibaki kuzihesabu mwenyewe.

Saa nne usiku baba akapiga simu. Nikamwambia niko ghalani. Akauliza kama hizo saa wananilipa.

Nikamwambia nitampigia, nisije nikapoteza hesabu.