Siku yangu kasualti: kicheko ninachokitetea na kile ninachokikataa

Mimi ni muuguzi wa kasualti, yaani idara ya dharura ya hospitali, hapa Kisumu. Watu wakishajua kazi yangu huniuliza kama ni kweli tunawacheka wagonjwa. Nawaandikia siku moja ya kazi, mjionee. Mambo madogo nimeyabadilisha ili mgonjwa yeyote asitambulike.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nashuka Kondele, natembea haraka. Mvua ya usiku imeacha matope, na matope yana maana yake: boda zimeteleza.

Saa moja na nusu. Tunapokezana zamu. Mwenzangu wa usiku anasoma kadeksi, kumbukumbu zetu za wagonjwa, kwa sauti iliyochoka: "Nduthi wawili, malaria ya watoto, BID mmoja." Nduthi ni mtu aliyevunjika kwa ajali ya boda. BID ni aliyefikishwa akiwa ameshafariki. Lugha hii ya mkato sina ugomvi nayo. Nyingine hata humsitiri mgonjwa: tunaandika RVD kwenye faili badala ya virusi vya Ukimwi, ili jirani akichungulia asiambulie kitu.

Saa tatu. Mtoto analetwa kutoka upande wa Ahero, malaria kali, damu imemwisha, viganja vyeupe. Tunatafuta mshipa, tunaituma sampuli maabara, damu inafika. Inafika tumeshachelewa. Mwenzangu anamfinya kifua muda mrefu, hadi daktari anamshika bega.

Saa nne na nusu, chai. Hapa ndipo mgeni angetuona watu wabaya. Mzee wa mochari anaingia kuomba chai. Anasema katika hospitali nzima, wateja wake peke yao ndio hawaulizi daktari atakuja saa ngapi. Tukacheka, tena kwa sauti. Yule aliyemfinya mtoto kifua alicheka hadi machozi yakamtoka, na kicheko kilipoisha machozi yakaendelea. Dada mmoja akamsogezea mandazi, hakuna aliyesema neno. Robo saa baadaye alikuwa amevaa glavu nyingine, anamshona mtu.

Kicheko hicho nakitetea mbele ya yeyote. Kinakicheka kifo chenyewe, kinaucheka uchovu wetu, kinaicheka mitungi ya oksijeni inayoisha wakati wa haja. Hakikumgusa yule mtoto wala mama yake, aliyekuwa ameketi upande wa pili wa jengo na mhudumu wetu mmoja. Bila kicheko hicho wengi wetu tungekuwa tumeacha kazi hii.

Saa sita mchana. Anaingia kijana wa sekondari, amejikunja kwenye kiti cha magurudumu, mama yake anasukuma. Mtu wa mapokezi anaita kwa sauti kuelekea ndani: "Pethidini amerudi!" Pethidini ni dawa kali ya maumivu.

Kijana ana selimundu. Chembe zake nyekundu za damu hujipinda umbo la mundu, zinaziba mishipa midogo, na pale damu isipopita panauma vibaya sana. Hapa kwetu karibu na ziwa ugonjwa huu ni mwingi, na malaria ndiyo iliyouleta hapo: aliyerithi jeni moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, lakini anayerithi kwa baba na kwa mama ndiye anayeugua. Maumivu yake hayaonekani kwenye eksrei na hakuna kipimo cha damu kinachoyapima. Yupo yeye anayesema, na sisi tunaoamua kumwamini au kutomwamini. Kwa vile huja mara kwa mara na anaijua dawa inayomsaidia, akapachikwa jina la mraibu.

Mama yake alikuwa amesikia. Akaniambia taratibu, "Sista, kama mnamwita dawa, basi mpeni hiyo dawa."

Nikamuuliza kijana maumivu ni mangapi kwa kumi. Tisa. Nikamwita afisa wa kliniki, akaandika mofini, dawa nyingine kali ya maumivu, maana pethidini yenyewe haishauriwi tena kwa ugonjwa huu. Tukafungua kabati, wawili tukatia sahihi kwenye kitabu cha DDA, yaani cha dawa zinazodhibitiwa, nikamdunga, nikamwekea maji. Miongozo ya Uingereza tangu 2012 inataka mgonjwa kama huyu apate dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike. Inawezekana hata hapa kwetu. Kinachokwamisha mara nyingi ni lile jina linalomtangulia mlangoni: anayeitwa Pethidini husubirishwa kwanza, aonekane kama anadanganya.

Saa nane. Namweleza daktari intani. Ananiambia kuwa madaktari wa London, Adam Fox na wenzake, walikusanya misimu zaidi ya 200, yaani maneno ya mzaha ya hospitali za Uingereza, na kuichapisha mwaka 2003, mingine ikiwa imeandikwa kabisa kwenye mafaili. Mimi nikamweleza utafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wa 2018. Wanafunzi wa udaktari na madaktari wanaojifunza, zaidi ya 400, walisomeshwa maelezo ya mgonjwa mmoja wa kubuniwa mwenye selimundu. Wengine walipewa maelezo ya kawaida, wengine yenye maneno ya kumshuku. Ugonjwa ni uleule. Waliosoma ya kumshuku walimwona vibaya, na wakachagua kuyatibu maumivu yake kwa nguvu ndogo. Kwa hiyo neno la mzaha haliishii kwenye chai. Linaingia kwenye kadeksi, linasomwa na asiyekuwepo, na linafika hadi kwenye kipimo cha dawa.

Tena faili ni la mgonjwa pia. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuona kilichoandikwa juu yake.

Saa kumi. Nduthi mmoja anapelekwa thieta. Foleni, vidonda, simu.

Saa kumi na moja na nusu. Kijana amelala, maumivu ni matatu. Mtu wa mapokezi nilizungumza naye pembeni. Hakupinga, alisema alilikuta jina likitumika. Inchaji, msimamizi wetu, naye nikamwomba kikao cha mafunzo cha Alhamisi kizungumzie maumivu ya selimundu na majina tunayowapa hawa wagonjwa. Amekubali, nusu saa. Intani ataleta ule utafiti, na mama wa kijana nimemuuliza kama angependa kuja kuzungumza. Amesema atakuja, ila iwe mapema, kabla hajafungua kibanda chake Kibuye.